Mpini Unaoteleza

Juma hili nataka tuzungumzie kitu ambacho wengi wetu hukishika bila kukitazama: mpini. Mpini wa panga, wa nyundo, wa shoka. Makali tunayanoa, lakini mpini tunauacha kama ulivyotoka dukani, umepakwa vanishi na kung'aa kama kiatu cha bwana harusi. Mkono ukiwa mkavu, hakuna neno. Ukilowa jasho au mvua, hapo ndipo balaa huanza.

Siku moja ya usafi mtaani kwetu, wakati wa masika, panga lilimchomoka jirani yangu akifyeka majani kando ya mtaro. Likaenda kujichoma kwenye tope, hatua chache tu kutoka walipokuwa watoto. Hakuna aliyeumia. Watu walisema ni bahati. Lakini bahati si kinga, na kinga yenyewe ni kazi ya saa moja au mbili.

Wanaotengeneza bunduki za kuwindia wanalijua jambo hili tangu zamani. Tazama kitako cha mbao cha bunduki hizo, pale mkono unaposhika. Utaona mistari midogo iliyokatizana mshazari, ikiacha vinundu mfano wa almasi. Wengi hudhani ni pambo. Pambo ni kweli, lakini kazi yake ya kwanza ni kuzuia mkono usiteleze. Fundi wa Ulaya au Marekani huweza kuchora mistari 18 hadi 24 katika inchi moja. Kwenye vitako vya plastiki, wengine hudonoa vishimo kwa ncha ya chuma cha moto.

Siri yake ni nini? Penye uso laini, maji hutanda kati ya ngozi na mti. Penye mifereji, maji hupata pa kwenda, na ngozi ikaukamata mti. Ndiyo maana tairi kipara huteleza kwenye lami iliyolowa.

Sasa, nyumbani tufanyeje? Kwanza kagua mpini. Ukiwa na ufa, usiuremba, badilisha. Ukiwa mzima, ondoa vanishi kwa msasa mpaka mti uonekane. Kisha chora kwa penseli mistari ya mshazari, ikiachana kama milimita tano, halafu mingine ya kuikatiza. Fuata mistari hiyo kwa tupa ya pembe tatu, kina kisizidi milimita moja. Ukichimba sana unaudhoofisha mti. Maliza kwa msasa laini ili kuvunja ncha kali, maana mpini unaokwaruza kupita kiasi huleta malengelenge.

Halafu pakaza mafuta ya kitani kidogo kidogo, futa yanayobaki, acha yakauke, kisha rudia. Hapa naomba usikilize vizuri: kitambaa kilicholowa mafuta hayo usikikunje na kukitupa pembeni. Kinapokauka hutoa joto, na kikiwa kimefinyangwa kinaweza kuwaka chenyewe. Kitandaze nje mpaka kikauke, au kiloweke ndani ya maji.

Jambo jingine: si kila mahali pa mpini panahitaji kukwaruzwa. Kwa panga na nyundo, mkono hukaa pamoja, basi chora pale unaposhika. Kwa shoka refu, mkono mmoja huteleza juu na chini kila unapopiga. Sehemu hiyo iache laini. Chora mwishoni tu, mkono mwingine unapotulia.

Asiye na tupa achukue mpira wa ndani wa baiskeli uliochakaa, aukate utepe mrefu, auvute na kuuzungusha kwenye mpini kwa kukaza, kila mzunguko ukilalia nusu ya uliotangulia. Kamba ya katani nayo hushika, ila hunywa maji na jasho, na mti ulio chini yake huoza bila wewe kuona. Mpini wa plastiki usiuchome kwa msumari wa moto ndani ya nyumba, kwani moshi wake ni sumu. Zungushia mpira, inatosha.

Masika hayapigi hodi. Kabla hujampelekea mnoa visu panga lako, lishike kwanza kwa mkono uliolowa. Likiteleza, anza na mpini, makali baadaye.