Sura ya Tano: Hesabu Iliyofika Ujiji

Mwishoni mwa Oktoba 1871 mzee mmoja Mskoti aliingia Ujiji akitokea Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mgonjwa na amekonda kabisa. David Livingstone alitumaini kukuta shehena ya vitambaa na shanga aliyotumiwa kutoka Zanzibar, kwa kuwa siku zile hiyo ndiyo ilikuwa fedha ya bara. Hakukuta kitu. Sherif, aliyekabidhiwa mali hiyo, alikuwa ameiuza na kununua pembe za ndovu, akidai kwamba mwenye mali amekwisha kufa. Kisha, mzee alipofika akiwa hai, Sherif alikuja kumpa mkono. Livingstone akaukataa, na Sherif akachukia kana kwamba yeye ndiye aliyekosewa.

Ukitaka kuelewa Ukristo unasema nini juu ya mtu na matendo yake, anzia kwenye mkono huo. Sherif alitaka salamu zirudi kama zamani bila kutaja kilichopotea. Biblia inaijua tabia hii tangu kurasa zake za mwanzo. Adamu alipoulizwa kuhusu tunda alimtaja mkewe, mkewe akamtaja nyoka. Kaini alipoulizwa ndugu yake yuko wapi alijibu swali kwa swali. Mungu katika simulizi hizi hatafuti habari, kwa maana anajua yote. Anampa mtu nafasi ya kusema mwenyewe alichofanya, na nafasi hiyo inapotupwa, kosa la pili huongezeka juu ya la kwanza. Mtume Paulo anawaandikia Warumi, katika sura ya 14, kwamba kila mmoja wetu atatoa hesabu yake mwenyewe mbele za Mungu. Hakuna atakayetoa hesabu ya jirani yake.

Lakini tusimwache Livingstone hapo, kwa sababu yeye naye alifika Ujiji na hesabu.

Miezi mitatu kabla, tarehe 15 Julai 1871, alikuwa Nyangwe, kando ya mto Lualaba, katika nchi inayoitwa leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ilikuwa siku ya gulio, na wauzaji wengi walikuwa wanawake waliovuka mto na bidhaa zao. Watu wa mfanyabiashara Dugumbe waliingia sokoni na bunduki, jambo ambalo halikuwa desturi. Pakazuka mabishano juu ya bei ya kuku, kisha risasi zikaanza. Watu walikimbilia mitumbwi, mitumbwi ikasongamana ufukweni, wengi wakajitupa majini na kuzama. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone alitaka kuwapiga wauaji kwa bastola yake, Dugumbe akamzuia.

Karatasi zilikuwa zimemwishia. Aliandika juu ya kurasa za gazeti kuukuu, akipitisha mistari yake juu ya maandishi ya chapa, kwa wino uliotengenezwa kutokana na mimea ya pale. Wino ule ulififia hata kurasa zikawa hazisomeki. Mwaka 2011 wataalamu wakiongozwa na Adrian Wisnicki walifanikiwa kuzisoma kwa kuzipiga picha chini ya mianga ya rangi mbalimbali. Ikaonekana kwamba aliyoyaandika siku zile hayakulingana kila mahali na aliyoyanakili baadaye kwenye jarida lake, wala na kitabu kilichohaririwa na Horace Waller na kutolewa 1874, baada ya kifo chake. Habari za watu wa msafara wake mwenyewe, watumwa waliokodishwa Zanzibar na kutumwa kwake, zilikuwa kali zaidi kwenye gazeti kuliko kwenye nakala. Watafiti waliuliza hata kama baadhi yao hawakuhusika na mauaji yale. Jambo hilo halijathibitishwa, nasi hatuna haki ya kulisema kama limethibitishwa. Lililo hakika ni hili: katika kunakili, sehemu iliyomgusa yeye na watu wake ilipungua makali.

Mfalme Daudi anatusaidia hapa. Nabii Nathani alipomsimulia habari za tajiri aliyempokonya maskini kondoo wake mmoja, Daudi aliwaka hasira na kutaka tajiri yule afe. Hukumu yake ilikuwa ya haki. Hakuona tu kwamba yeye ndiye anayehukumiwa, mpaka Nathani alipomwambia. Ni rahisi sana kuwa shahidi mwaminifu wa dhambi ya mwingine. Kazi ngumu ni kuandika ukurasa unaokuhusu kwa wino uleule.

Sasa, Livingstone anawajibika kwa kiasi gani? Mapokeo ya Kikristo hayapimi kwa tendo la mkono peke yake. Yanauliza mtu alijua nini, na alikuwa huru kiasi gani. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa 1992, inafundisha kwamba ujinga, woga, kulazimishwa na mazoea vinaweza kupunguza lawama, hata kuiondoa kabisa. Inafundisha pia kwamba tunaweza kushiriki dhambi za wengine: kwa kuziamuru, kuzishauri, kuzisifu, kuwakinga watendaji, au kutozizuia pale tulipokuwa na wajibu huo. Risasi za Nyangwe hazikuwa zake. Hata hivyo alifika huko kwa kutembea na misafara ya wafanyabiashara wa pembe na watumwa. Mmoja wao, Mohamad Bogharib, ndiye aliyemuuguza na kumfikisha Ujiji 1869 akiwa hoi. Alijua misafara ile inaishi kwa nini. Angeweza kurudi pwani. Akachagua kuendelea kwa sababu alikitafuta chanzo cha mto Nile.

Kwa maoni yangu anajibu kwa njia aliyoichagua, hajibu kwa mauaji. Na haki inatudai tuseme upande wa pili pia. Aliyoyaandika juu ya Nyangwe yalifika Uingereza kwa mkono wa Stanley, mwandishi wa habari aliyemkuta Ujiji, yakaongeza shinikizo dhidi ya biashara ile, na tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa la Zanzibar. Wema huo ni wa kweli. Wema huo haufuti swali la watumwa waliombebea mizigo, kwa maana hesabu ya Kikristo haina utaratibu wa kulipa deni la mtu huyu kwa hisani uliyomfanyia mtu yule.

Mnyororo wa biashara hii ya pembe na watumwa ulikuwa mrefu kuliko ziwa. Pembe zilizonunuliwa Ujiji zilibebwa hadi Tabora, kisha pwani, kisha Zanzibar. Sehemu kubwa ilisafirishwa Marekani, hadi miji midogo ya Deep River na Ivoryton katika jimbo la Connecticut, ambako ilichongwa kuwa vitana na vibao vyeupe vya piano. Mmoja wa waanzilishi wa kazi hiyo Deep River alikuwa George Read, shemasi wa kanisa la Kibaptisti. Read alipinga utumwa waziwazi. Alimpokea mtu mweusi aliyetoroka utumwa Kusini, akamhifadhi. Na kiwanda chake kilitumia pembe kutoka Zanzibar.

Sitaki tumcheke mtu huyu. Aliyemficha mtoro alihatarisha mali na uhuru wake. Lakini mtumwa aliyebisha hodi alimwona kwa macho, na yule aliyebeba jino la tembo kutoka Manyema hakumwona. Je, kutomwona kunamwondolea wajibu? Waandishi wa maadili ya Kikristo hutofautisha ujinga usioepukika na ujinga ambao mtu angeuondoa kama angeuliza. Wa kwanza unasamehewa. Wa pili ni sehemu ya kosa. Miaka ya 1830, mtu wa Connecticut pengine hakuwa na njia ya kujua pembe inafikaje pwani. Baada ya maandishi ya Livingstone kuchapishwa, njia ilikuwepo, na piano ziliendelea kutengenezwa.

Wamisionari walioishi kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika walikutana na swali hilo katika hali ngumu zaidi. Mapadri Weupe wa Kardinali Lavigerie walifika Ujiji Januari 1879. Walianza kuwakomboa watoto watumwa kwa kuwanunua, kisha kuwalea katika vituo vyao kandokando ya ziwa. Kila mtoto aliyekombolewa alikuwa uhai uliookolewa. Kila malipo yalikuwa pia vitambaa mikononi mwa muuzaji, ambaye angeweza kuvitumia kupata mwingine. Dhambi ya kuuza ilibaki kwa muuzaji, na kumtoa mtoto mnyororoni hakuhitaji kuombewa radhi. Lakini anayelipa anawajibika kutazama mbele: je, malipo yangu yanaita misafara mipya? Nia njema hujibu swali moja tu kati ya mawili.

Adrian Atiman alijua habari hii kwa mwili wake. Alizaliwa Afrika Magharibi, upande wa Timbuktu, akaibwa akiwa mtoto, akakombolewa na Mapadri Weupe kaskazini mwa Sahara. Alisomea utabibu Malta, akafika Karema, kwenye ufuko wa mashariki wa Tanganyika, mwaka 1889. Alitibu watu na kufundisha dini huko hadi alipofariki 1956. Hakuna hesabu ya maadili inayoweza kumwangalia mzee huyo na kusema bora asingenunuliwa.

Leo Ujiji ni mji wenye Waislamu wengi na Wakristo kati yao, na koo zilizotokana na misafara zinaishi jirani na koo zilizotokana na watumwa, zimeoana, zinazikana. Wageni huongozwa hadi kwenye mnara wa Livingstone chini ya miembe, husimuliwa habari za mateso, halafu wengine huanza kutafuta wa kulaumiwa kwa kutazama majina na dini za wenyeji. Mkristo anayefanya hivyo ameiacha Biblia yake. Ezekieli sura ya 18 inakataa wazi kwamba mwana abebe uovu wa baba yake. Tena katika biashara ile walikuwamo Waarabu, Waswahili, Wanyamwezi, watawala wa bara, mabaniani wenye mitaji na Wakristo wanunuzi wa pembe, na kila mmoja wao ana hesabu yake.

Tuiteremshe habari hii hadi mwaloni. Tuseme mchuuzi wa Kibirizi anaanika dagaa mchangani, na anapojaza gunia haupepeti mchanga wote, kwa kuwa mchanga ni uzito. Mteja kutoka Kasulu anafungua gunia, anarudi.

"Mama, dagaa wako nusu mchanga."

"Mwanangu, huku wote tunaanika chini."

Ni kweli kwamba wote wanaanika chini. Lakini mteja hakuuliza juu ya wote. Mama huyu akienda Jumapili kanisani na kuungama dhambi kwa jumla, pamoja na kusanyiko zima, bado mteja ana mchanga. Katika sala ya kuungama Wakatoliki hutaja dhambi za mawazo, maneno, matendo na za kutotimiza wajibu, na kila mmoja husema kwamba ni yeye aliyekosa. Walutheri na Wamoravian watasisitiza kwamba msamaha ni neema, haununuliwi, nao wanasema kweli. Hakuna anayemlipa Mungu. Mteja wa Kasulu, hata hivyo, analipika.

Torati iliagiza katika Walawi sura ya 6 kwamba aliyedhulumu arudishe kitu chenyewe na kuongeza moja ya tano, ampe mwenyewe, ndipo sadaka yake ipelekwe kwa kuhani. Zakayo mtoza ushuru, katika Luka 19, hakusubiri kuambiwa kiasi: nusu ya mali kwa maskini, na mara nne kwa kila aliyemnyang'anya. Yesu alikuwa amekwisha kuingia nyumbani mwake kabla hajalipa senti. Neema ilitangulia, malipo yakafuata kama tunda lake. Anayetaka kuanza leo aanze na mtu mmoja, kwa jina, na kiasi kinachojulikana: gunia lile, uzito ule, fedha ile.

Kuna madeni ambayo wadai wake wamekufa, na hapo swali ni zito zaidi. Tanganyika ilifuta utumwa kisheria mwaka 1922, Zanzibar mwaka 1897. Amri ile ya Zanzibar iliweka fidia, na fidia hiyo ilikuwa ya mabwana waliopoteza watumwa. Waliotembezwa kwa miguu kutoka Ujiji hadi baharini hawakuwekewa hata kipande cha kitambaa. Kwa kipimo cha Zakayo, deni hilo halijalipwa.