Simu Ni ya Biti 64, Mbona App Inakataa?

Wateja wetu kutoka Voi, Mwatate hadi Taveta hutuuliza hivi: "Simu ni mpya, nimeambiwa ni ya biti 64, mbona app fulani inasema haifai kwa simu yangu?" Jibu liko ndani ya simu, si kwenye laini wala akaunti yako.

Rejista ni nini?

Prosesa ndiyo hupiga hesabu za simu. Ndani yake kuna rejista: nafasi ndogo za kushika namba zinazohesabiwa wakati huo. Fikiria mama mboga wa soko la Voi. Magunia yako nyuma, lakini anachouza sasa kiko mezani. Rejista ndiyo meza. Kuna rejista za namba za kawaida, na kuna za namba zenye desimali, ambazo pia hubeba namba kadhaa kwa mpigo. Hizi za pili husaidia sana kwa kazi za picha, kama kuskani QR au kupiga selfi ya kuthibitisha kwamba ni wewe.

Mfumo wa simu ndio unaoamua

Simu nyingi za bei nafuu zina prosesa ya aina ya Cortex-A53. Ikiendeshwa kwa biti 64, app hupata rejista 32 za aina hiyo ya pili, kila moja ya biti 128. Lakini watengenezaji wengine huweka Android ya biti 32 ili itumie RAM kidogo. Hapo app huona rejista 16 tu. Meza ni ile ile, ila nusu imefunikwa, na mfumo ndio umeifunika.

Kwa hivyo kuskani kunaweza kuchukua muda zaidi, na app iliyotengenezwa kwa biti 64 pekee haitaingia kabisa.

Na pesa zangu je?

Ziko sawa. Salio halikai kwenye simu. Linahesabiwa kwenye seva zetu. Ndio maana menyu ya USSD inafanya kazi hata kwa kabambe.

Angalia mwenyewe

1. Pakua CPU-Z kutoka Play Store.
2. Fungua sehemu ya "System", utafute "Kernel Architecture".
3. Ukiona aarch64, mfumo ni wa biti 64. Ukiona armv7l au armv8l, app zako zinaendeshwa kwa biti 32.

Fanya hivi dukani kabla ya kulipa, maana muuzaji anaweza kukutajia prosesa bila kutaja mfumo.

Chunga hapa

Mtu akikuambia atakutumia app "iliyofunguliwa" kwa WhatsApp ili simu ikubali, kataa. Hakuna app inayoweza kuongeza rejista ambazo mfumo umezifunga. Inachoweza kufanya ni kusoma PIN yako unapoiandika. Simu ikikataa app, tumia USSD. Utatuma, utapokea na kulipa bili kama kawaida.