NAMNA YA KUCHAGUA REZISTANSI YA JICHO LA TAA



Taa ya jua yenye kujiwasha yenyewe magaribi inatusaidia sana kwa masomo. Lakini ikiwaka tangu mchana, bateri inaisha bure, na saa ya kurudilia masomo tunabaki gizani, hata kama egzameni ya Leta iko karibu. Mara mingi ubaya hauko kwa bateri. Uko kwa rezistansi moja ndogo ya bei kidogo.

Jicho la taa ni fotorezistansi. Mwangaza ukiwa mwingi, inapitisha kuran vizuri. Giza likiingia, inaizuia. Lakini taa haipimi ohm, inapima volti. Ndiyo sababu tunafunga rezistansi ya pili nyuma ya jicho. Hizo mbili zinagawana volti za bateri, na yenye ohm mingi inapata fungu kubwa. Waya ya katikati inapeleka habari kwa taa.

Tuseme bateri ni ya volti 6, na jicho liko na ohm 1 000 mchana, ohm 100 000 gizani. Volti za rezistansi ya pili zitakuwa hivi:

- Ohm 1 000: mchana 3; gizani 0,06. Tofauti 2,94.
- Ohm 100 000: mchana 5,94; gizani 3. Tofauti 2,94.
- Ohm 10 000: mchana 5,45, gizani 0,55. Tofauti 4,9.

Munaona! Ndogo sana haifai, kubwa sana haifai. Ile ya katikati inatenga vizuri mchana na usiku.

Kanuni ni hii: zidisha namba mbili za jicho, kisha tafuta namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe inatoa jibu lile. Hapa ni 10 000. Rangi zake: kahawia, nyeusi, machungwa.

Lakini wandugu, musikopie tu namba zetu. Kila jicho liko na zake. Pimeni lenu na ohmeta saa sita ya mchana, na tena giza likiisha kuingia. Hapa Bunia tuko karibu na ekweta, jua linatua karibu na saa kumi na mbili mwaka muzima. Kipimo cha leo kitafaa hata mwezi wa 6.

Tena, fichieni jicho mwangaza wa taa yenyewe. Likiuona, litafikiri kumekucha, na taa itawaka na kuzimika bila kupumzika.