Fahamu: Je, Vifaa vya Kupunguza Mafuta ya Lori Vina Faida?

Vibao virefu vinavyofungwa ubavuni mwa tela, ambavyo kazi yake ni kuukinga upepo usiingie chini ya gari na kulizuia mwendo, viliidhinishwa na EPA, idara ya mazingira ya Marekani, katika mpango wake wa SmartWay ulioasisiwa mwaka 2004, kwa kuokoa takriban asilimia 4 hadi 5 ya dizeli. Walakini faida hiyo ni ya barabara kuu na mwendo wa kasi, kwani ukinzani wa hewa huzidi kwa mraba wa mwendo, hata lori liendalo kilomita 80 kwa saa, ambao ndio ukomo wa sheria Kenya na Tanzania, hukabiliwa na kama theluthi mbili tu ya ukinzani wa lile liendalo 100.

Ama sumaku za kufunga kwenye mpira wa mafuta na vidonge vya kutia tangini, ambavyo wachuuzi huvisifu bila haya, hiyo ni ghiliba tupu.

Basi tajiri mwenye lori la Mombasa hadi Malaba, rai yangu ni kwamba atimize kwanza upepo wa matairi na amzoeze dereva wake utaratibu, ndipo afikirie vibao.