Kimya cha Semina: Siyo Kwamba Huna Hoja

Semina asubuhi, chuo kimoja hapa Temeke. Mhadhiri anauliza, "Haya, mnaonaje?" Kimya. Watu wanainamia simu. Jioni, kwenye daladala la Mbagala, walewale wanabishana kuhusu Simba na Yanga mpaka konda anawaomba wapunguze sauti. Sasa asubuhi hoja zilikuwa wapi?

Kwanza, lugha. Wengi wetu tulisoma shule ya msingi miaka 7 kwa Kiswahili, halafu kidato cha kwanza kila kitu kikageuka Kiingereza. Ukiulizwa swali, kichwa kinafanya kazi mbili kwa mpigo: kutafuta wazo na kutafuta maneno ya kulisemea. Kumbukumbu ya muda mfupi ina nafasi ndogo, kwa hiyo kazi moja ikielemea, nyingine inakwama. Mradi wa LOITASA, ulioanza 2002 ukiwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulilinganisha vipindi vya sekondari kwa lugha hizo mbili. Kwenye Kiswahili wanafunzi walichangia zaidi.

Pili, muda. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, aliona miaka ya 1970 kwamba walimu husubiri jibu kama sekunde 1 tu. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka na wengi zaidi wakajibu.

Sasa kikundi chenu kifanyeje?

1. Kabla yeyote hajaongea, kila mtu aandike hoja yake kwa dakika 2. Mwenye sauti kubwa akianza, wengine hufuata upepo.
2. Jadilianeni wawiliwawili, kwa Kiswahili. Bishaneni kweli.
3. Hoja zikishakomaa, ndipo mzitafutie Kiingereza chake, kwa pamoja.
4. Kwenye presentesheni msigawane slaidi za kusoma. Kila mmoja abebe hoja moja, na wenzake wamhoji kabla ya siku yenyewe.

Maksi za kikundi mara nyingi tunapewa sawa, hata kwa aliyenyamaza. Lakini huyo anamaliza chuo mawazo yake hayajawahi kupingwa wala kutetewa, na kwenye usaili wa kazi hakuna kikundi cha kujificha nyuma yake.

Wiki hii ukimuuliza mwenzako "unaonaje?", hesabu kimoyomoyo mpaka 3 kabla hujamjibia. Utashangaa nani alikuwa na la kusema.