Utafiti wa vyuoni na safari ya kumfikia mwananchi

Utafiti wa wasomi mara nyingi hudhaniwa kuwa ni kazi ya kujaza makabati. Mifano mitatu ya Tanzania inaonyesha vinginevyo, ingawa mmojawapo unatoa onyo.

Katika tiba, majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, yaliyoanza mwaka 2009 katika nchi saba za Afrika, yalihusisha watoto zaidi ya 15,000, wakiwamo wa Bagamoyo na Korogwe. Oktoba 2021, Shirika la Afya Duniani liliipendekeza chanjo hiyo.

Katika uhandisi, Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alibuni chujio la maji linalounganisha mchanga na chembechembe ndogo mno ili kuondoa vijidudu na madini kama floraidi, ambayo ikizidi huharibu meno na mifupa. Mwaka 2015 alishinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi.

Ufundishaji wa Kiingereza una hadithi tofauti. Utafiti wa LOITASA, ulioanza mwaka 2002 na kuwashirikisha wasomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulionyesha kuwa wanafunzi wa sekondari huelewa zaidi wanapofundishwa kwa Kiswahili. Mmoja wao, Martha Qorro, ametetea Kiingereza kifundishwe vizuri kama somo, badala ya kuwa lugha ya kufundishia masomo mengine.

Chanjo na chujio vilipata wa kuvipokea. Sekondari bado hufundisha kwa Kiingereza, na anayelipa gharama ni mwanafunzi anayekariri asichokielewa.