Wino Usio na Nasaba

Tangu pwani hadi milima ya Walikale na Masisi, huko Kongo, wazee wetu walichanjwa chale, wala hakuna aliyeuliza nasaba ya kile kilichopakwa jerahani, kwa kuwa mizizi ilichomwa na kusagwa mbele ya macho ya mchanjwaji, na aliyeisaga alikuwa jirani yake. Madhara hayakukosekana, na wembe mmoja uliopita katika ngozi za watu kadhaa uliyaleta kwa wingi; lakini asili ya unga ule mweusi ilijulikana. Leo mtu wa Buleusa, huko huko Walikale, akienda mjini kuchorwa mkono kwa mashine hutiwa ngozini wino uliovuka bahari, na lau angetaka kuuhoji ulikotoka, hana wa kumhoji ila ile chupa.

Namna chupa inavyoweza kunyamazishwa tumeiona sisi wenyewe pwani, katika piko, ile rangi nyeusi ya kupambia mikono. Hina ya asili ni majani ya mhina yaliyokaushwa na kusagwa. Rojo yake ya kijani hukaa mkononi saa kadhaa, na ikibanduliwa huacha rangi ya chungwa ambayo kwa siku moja au mbili hukolea ikawa hudhurungi. Subira hiyo haimridhishi biharusi atakaye maua meusi kando ya mekundu, sembuse mtalii ambaye kesho anapanda ndege. (Nami sikatai: sijaona pambo la arusi lishindalo piko iliyochorwa na mkono hodari.) Basi, Lamu, Mombasa na Unguja, hutumiwa dawa ya kutia nywele weusi, ambayo kiini chake aghalabu ni kemikali iitwayo parafenilinidiamini. Mpakaji huchana pakiti, humimina unga katika kibakuli, hutia maji matone machache, huchovya kijiti. Na pakiti huishia jaani.

Pakiti hiyo ndiyo iliyokuwa na maneno. Pakiti nyingi za dawa hizo zimeandikwa kwamba ni za nywele tu, zisipakwe nyusi wala kope, na kwamba zijaribiwe kwanza mahali padogo, mtu angoje saa 48. Ulaya hairuhusu kemikali hiyo ipite asilimia 2 katika rangi ya nywele iliyokwisha changanywa, ilhali mpakaji hupima kwa jicho. Apakwaye mara ya kwanza huenda asione kitu kwa siku kadhaa, kisha maua yakaanza kuwasha, yakavimba na kutoa malengelenge yanayofuata mistari ya mchoro ule ule. Likishapona jeraha, mwili hausahau: miaka baadaye mtu huyo akitia dawa mvi zake, uso huweza kufura hata macho yakafumba.

Wino wa chale za mashine una mambo yake, na baya zaidi ni kwamba hauishii juu ya ngozi. Mwishoni mwa mwaka 2011, mjini Rochester, Marekani, watu 19 waliambukizwa bakteria ngozini kwa wino wa kijivu uliokuwa umekwisha najisika kabla ya kumfikia mchoraji, ambaye mikono yake ilikuwa safi. Mwaka 2024 wachunguzi wa FDA, idara ya chakula na dawa ya nchi hiyo, walitangaza kwamba katika wino 75 walizopima, 26 zilikuwa na bakteria, na kuandikwa kwa baadhi yake kuwa zimetakaswa hakukuwa dhamana ya lolote. Kwa hiyo lebo nayo husema uwongo. Lakini mwongo mwenye jina na namba ya toleo hutafutika, na bidhaa yake huondolewa madukani.

Umoja wa Ulaya, katika sheria iliyoanza kutumika tarehe 4 Januari 2022, uliwekea mipaka maelfu ya kemikali katika wino hizi, ukaamuru chupa iandikwe viungo vyake na namba ya toleo. Mimi naona shuruti iliyo bora kuliko zote ni nyingine, ndogo: mchoraji hana budi kumfahamisha mchorwaji yaliyoandikwa pale kabla ya kumgusa.

Kwa shuruti hiyo hatuhitaji kungoja bunge. Ewe dada, kabla hujamnyooshea mpakaji mkono, mwambie akuletee pakiti, uisome. Na akikujibu kwamba ameshaitupa, shukuru, uondoke.